Chang'ombe mbili zisizolingana: jinsi ya kuona stringi ilivyohifadhiwa

Nilipewa orodha ya wateja wa duka, nikatafuta wanaokaa Chang'ombe. Programu ikaniletea baadhi tu. Wengine nawaona kwa macho yangu, wamo kwenye faili, lakini Python, lugha ya programu ninayotumia, inakataa katakata kwamba Chang'ombe mbili za kwenye faili, a na b, ni stringi (maandishi) sawa:

>>> a == b
False

Ukiziprinti zote mbili, zinafanana kama mapacha. Tatizo ni kwamba skrini inakuchorea sura tu, wakati kompyuta inalinganisha namba zilizo nyuma ya sura hiyo. Tuzifuate namba. Natumia Python 3.

Hatua ya 1: Weka print kando, tumia repr

>>> a
"Chang'ombe \n"
>>> len(a)
12

Ukiandika jina la stringi peke yake kwenye konsoli, unapata repr yake, yaani stringi ikiandikwa pamoja na alama zilizojificha. Hapo nimeona nafasi na mstari mpya vimejificha mkiani, vitu ambavyo print isingenionyesha. Chang'ombe ina herufi 10, ongeza hizo mbili, 12. Wanaoanza huhesabu 13 kwa sababu wanaona alama ya \ na herufi n. Hiyo \n ni herufi moja. Imeandikwa hivyo ili ionekane. Na zile alama za kufungua na kufunga hazimo ndani ya stringi kabisa.

Mkia unaondoka kwa a.strip(). Nikadhani nimemaliza.

Hatua ya 2: Ikikataa bado, ita ascii

>>> b
'Chang’ombe'

Angalia vizuri. Ya kwanza Python iliifunga kwa alama mbili-mbili, hii kaifunga kwa moja-moja. Kwa nini? Ya kwanza ina ritifaa (alama ya ') ya kawaida ndani yake, kwa hiyo Python ikaikwepa. Hii ya pili haina! Ina kitu kinachofanana nayo, na ascii inakionyesha kwa namba yake:

>>> ascii(b)
'Chang\u2019ombe'

Huyo ndiye mwizi. Ritifaa ya kibodi ni U+0027 (namba yake kwenye Unicode, orodha ya herufi za kompyuta); hii iliyopinda ni U+2019, na baadhi ya simu huiweka zenyewe unapoandika. Aliyejaza fomu hana kosa lolote.

Hatua ya 3: Hesabu baiti

>>> len(b), len(b.encode("utf-8"))
(10, 12)

Herufi 10, baiti 12, maana ritifaa iliyopinda inakula baiti tatu kwenye UTF-8, njia ya kuhifadhi herufi kama baiti: E2 80 99. Ndiyo maana ukifungua faili hilo kwa programu inayodhani ni Windows-1252, njia nyingine ya zamani, kila baiti inachorwa kivyake na unapata Changâ€™ombe. Data haijaharibika, imesomwa vibaya tu. Usiihifadhi upya ikiwa katika hali hiyo, hapo ndipo itakapoharibika kweli.

Hatua ya 4: Safisha ufunguo wa kutafutia

def ufunguo(s):
    for r in "\u2019\u2018\u02bc":
        s = s.replace(r, "'")
    s = s.replace("\u200b", "")
    return s.strip().lower()

Zile tatu za mwanzo ni sura nyingine za ritifaa. Hiyo \u200b ni nafasi isiyo na upana. Strip haiigusi, na hupenda kuja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye tovuti. Usitegemee unicodedata.normalize kwa kazi ya ritifaa, maana hata NFKC, mojawapo ya njia zake za kusawazisha herufi, inaiacha U+2019 vilevile. Nilipoteza jioni nzima kabla ya kulijua hilo.

Kuna wanaofuta ritifaa zote ili wapumzike. Mimi sikubali: ng'oa na ngoa ni maneno mawili tofauti. Acha maandishi ya mteja kama alivyoyaandika, weka ufunguo kwenye safu yake ya pembeni, kisha linganisha funguo:

>>> ufunguo(a) == ufunguo(b)
True