Kupangilia msimbo ulio ndani ya XML kwa kichujio cha SAX

Mwenzangu anaandika mwongozo wa Python kwa DocBook, muundo wa XML wa kuandikia vitabu, na mifano yake ndani ya `<programlisting>` ilikuwa shaghalabaghala: huku nafasi mbili, kule nane. Hivi ndivyo tulivyoinyoosha kwa SAX, njia ya kusoma XML hatua kwa hatua huku kila lebo na maandishi yakikabidhiwa kwa msimbo wako.

Usianze na sed, zana ya kubadilisha maandishi mstari kwa mstari. Haijui kwamba `&lt;` katika faili ni `<` katika msimbo, na Black, zana ya kupangilia msimbo wa Python, ikipewa maandishi hayo mabichi itayakataa. Kazi hiyo ni ya kichanganuzi cha XML.

1. `pip install black`

2. Andika kichujio (`XMLFilterBase` na `XMLGenerator` ziko `xml.sax.saxutils`, `make_parser` iko `xml.sax`):

```python
class Kichujio(XMLFilterBase):
    kapu = None

    def mwaga(self, kazi=str):
        if self.kapu is not None:
            m, self.kapu = "".join(self.kapu), None
            super().characters(kazi(m))

    def startElement(self, jina, sifa):
        self.mwaga()
        super().startElement(jina, sifa)
        if jina == "programlisting" and sifa.get("language") == "python":
            self.kapu = []

    def characters(self, m):
        if self.kapu is None:
            super().characters(m)
        else:
            self.kapu.append(m)

    def endElement(self, jina):
        self.mwaga(pangilia)
        super().endElement(jina)
```

Kapu ndilo moyo wa kazi yote. Kila anayeanza hushawishika kupangilia msimbo palepale ndani ya `characters`, na kwenye mfano mfupi mambo huenda sawa. Lakini SAX inaruhusu kichanganuzi kuleta maandishi ya elementi moja kwa vipande, na kipande kinaweza kukatika popote, hata katikati ya neno `return`. Nusu ya fungsheni haipangiliki. Kwa hiyo kusanya kwanza, pangilia lebo inapofungwa. Na ukikuta elementi nyingine ndani ya msimbo, kama `<co/>`, alama inayounganisha mstari na maelezo yake, mwaga kapu bila kugusa kitu. Ukipangilia hapo, alama itahama mstari wake na maelezo yatapotosha msomaji.

3. Andika `pangilia`: pitisha maandishi kwenye `textwrap.dedent`, kisha `black.format_str` yenye `black.Mode(line_length=72)`, maana mistari ya herufi 88, urefu wa kawaida wa Black, hufurika ukurasa wa PDF. Ondoa mstari mtupu wa mwisho kwa `rstrip`. Ikitokea `black.InvalidInput`, rudisha maandishi kama yalivyokuja. Angalia pia: msimbo ukianza palepale baada ya lebo, `dedent` haitasogeza chochote, kwa kuwa mstari wa kwanza hauna nafasi.

4. Unganisha:

```python
k = Kichujio(make_parser())
k.setContentHandler(XMLGenerator(sys.stdout, "utf-8"))
k.parse(sys.stdin.buffer)
```

Taja `"utf-8"` waziwazi. Usipoitaja, `XMLGenerator` hutumia iso-8859-1.

5. `python kichujio.py < kitabu.xml > tayari.xml`

Usiandike juu ya faili la asili. `XMLGenerator` haitoi DOCTYPE (tamko la aina ya waraka) wala maoni, na CDATA (sehemu ambamo alama za XML huandikwa mbichi) hugeuka maandishi ya kawaida yenye `&lt;`. Tengeneza PDF kutoka `tayari.xml`, uhariri ubaki kwenye `kitabu.xml`.