Sauti mbovu ukirekodi TV kwa kompyuta: anzia kwa waya, programu baadaye

Salaam wadau. Juzi nimemrekodia mamangu kipindi cha taarab kutoka kwa dikoda, picha safi, lakini sauti utadhani kuna mtu anakaanga bhajia nyuma ya waimbaji. Nkashinda siku mbili nahangaika na programu, kumbe ugonjwa uko kwa jeki, kile kichwa cha waya.

1. Zima kila kitu, chomoa ile waya ya sauti, nyekundu na nyeupe, uangalie vichwa. Sisi wa pwani hii hewa ya chumvi haimwachi mtu, yangu nyeupe ilikuwa na kutu ya kijani imeganda kwa ndani. Pamba, spiriti ya duka la dawa, sugua, iache ikauke.

2. Kompyuta ya mezani ina tundu la pinki na la buluu, na wengi wanachomeka pinki. Hiyo ni ya maiki, imezoea sauti ndogo sana, ukiimwagia ya dikoda inalemewa. Weka buluu. Laptopu nyingi hazina, basi tumia kifaa cha USB cha kurekodia chenye matundu yake ya sauti.

3. Rekodi dakika moja ya majaribio uangalie mita ya sauti kwenye programu, ikigonga nyekundu punguza. Mi huacha kilele kwenye desibeli -6 hivi. Hapa ndo watu hupuuza alafu wanakuja kulia, manake sauti ikipasuka wakati wa kurekodi zile ncha za mawimbi zishakatwa, ukipunguza volyumu baadaye utapata mpasuko uleule tu kwa sauti ya chini. Ndogo utaipandisha, iliyopasuka ndo basi.

4. Kwenye setingi za sauti, pale pa sample rate (mara ngapi sauti inapimwa kwa sekunde), weka 48,000 kote, Windows na programu, ndo TV hutumia. Pengine 48,000 pengine 44,100, mwimbaji anaweza kugeuka babu.

Ukibaki mvumo wa mmmm usiokatika, huo ni wa stima, 50 Hz. Rekodi kwa betri bila chaja usikie, ukipotea basi chomeka vifaa vyote kwa ekstensheni moja.

MASWALI

Wa Likoni: Shekhe, mimi rekodi ishaisha na sauti inachelewa, mdomo ushafunga ndo neno linatoka.
— Fungua kwa VLC, ile programu ya kuchezea video, ubonyeze J, kila mbonyezo unavuta sauti mbele milisekunde 50. Ukipitiliza, K inarudisha. Lakini kama mwanzo iko sawa na inazidi kuachana kadri kipindi kinavyoenda, hiyo J haitakufaa, rudi namba 4.

Mama Fatu: Mwanangu, ala nazisikia vizuri, mwimbaji ndo yuko mbali kama yuko kisimani, spika nimebadilisha mbili.
— Pole mamangu, acha kununua spika. Sukuma jeki mpaka mwisho, isikike kach. Ikiingia nusu, kulia na kushoto zinafutana, na sauti ya mwimbaji ndo hupotea kwanza kwa vile iko katikati.

Kijana wa Kisauni: Na ile ya bhajia ishaingia kwa faili, haitoki?
— Inapungua. Kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, chagua sekunde moja yenye mchakarisho mtupu, programu iusome, alafu uupunguze kwa faili zima, desibeli 6 mpaka 12. Ukizidisha waimbaji watasikika wamo ndani ya chupa.

Mama Fatu: Ilikuwa jeki wallahi! Na hizo 200 za spika nani atanirudishia?