Kufundisha uaminifu ndani ya karakana ya useremala

Mwanafunzi wa ufundi haujui uaminifu kwa hotuba za paredi ya asubuhi. Anaujifunza mkononi, kazi ikiwa mezani. Kwenye vyuo vya Iringa na Mbeya, ambako mbao za paina kutoka Mufindi ziko karibu, anza na zana. Chora umbo la kila patasi, randa na msumeno kwenye ubao wa ukutani, kisha mpe mwanafunzi mmoja zamu ya wiki nzima ya kutoa na kupokea kwa daftari. Simamisha kazi dakika 15 kabla ya kengele. Ukiwaachia 5, vifaa vinarushwa ovyo na hesabu inapikwa. Patasi ikipotea, usikimbilie kuwachangisha wote: wasio na kosa watajifunza kunyamaza tu.

Kinachowaharibia jina mafundi wetu zaidi ni ahadi wasizotimiza. Kwa hiyo kila zoezi liwe na mteja, hata akiwa mwalimu mwenzako: mwanafunzi aandike vipimo, mbao, bei na siku ya kukabidhi. Akiona atachelewa, aseme siku 2 kabla. Litengee suala hilo la ahadi alama 20 kati ya 100, la sivyo ataliona pambo.

Kiungio kikilegea, asikizibe kwa gundi na vumbi la mbao. Kosa la kupima limpunguzie alama 5, kulificha 15, na umpe nafasi ya kukata upya.

Mwalimu naye asaini daftari kila anapochukua zana.