Dunia ya kuzurura au hadithi ya kufuata: namna ya kuchagua RPG na kuicheza Lubumbashi

RPG, yaani michezo ya video ambamo unaishi kama mhusika mmoja, iko ya dunia wazi ya kuzurura na ya hadithi ya kufuata. Jaribio la dakika 10 linaeleza tofauti hii vizuri kuliko tangazo lolote. Fungua Skyrim, fika Riverwood, kijiji cha kwanza baada ya kutoroka Helgen, kisha weka maneti (kidhibiti cha mkononi) chini na usiguse kitu. Saa ya mchezo huu inakwenda mara 20 kuliko ya ukutani, kwa hiyo siku nzima inaisha kwa dakika 72, na hizo dakika zako 10 ni zaidi ya saa 3 za kijiji. Kivuli kinahama, kuku wanazunguka, Alvor mhunzi anagonga chuma chake hadi jioni, halafu anaingia ndani. Hakuna anayekungoja.

Sasa fanya hivyohivyo ndani ya Mass Effect 2, ukiwa kwenye chombo cha anga Normandy. Joker, rubani, yuko kwenye kiti chake, Kelly, katibu wako, yuko mahali pake, na watabaki hapo hata ukienda kusonga bukari, ukala na kuosha sahani. Wanaanza kuwa na jipya la kukuambia pale unaporudi kutoka misheni. Mchezo wa kwanza unakupa mahali pa kuishi. Wa pili unakupa watu wa kuwajali, na muda wao unasukumwa na wewe. Kwa hiyo kuuliza ni upi "mzuri zaidi" hakusaidii. Uliza jioni zako zikoje.

Anza na umeme

Lubumbashi, kigezo cha kwanza si picha, ni delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu. Angalia mchezo unahifadhi namna gani kabla ya kutumia mega hata moja ya intaneti.

Skyrim ni rafiki wa umeme mbovu. Kwenye kompyuta unabonyeza F5 karibu popote, na mchezo wenyewe unahifadhi ukipita mlango, ukilala, ukisubiri au ukisafiri kwa ramani. Mass Effect 2 haikubali kuhifadhi katikati ya mapigano, na mazungumzo marefu hayana mahali pa kusimama. Umeme ukienda mwishoni mwa mapigano, unayarudia yote, na maneno uliyosikia kwa mshangao sasa unayasikia kama kasuku. Hilo ndilo linaloua hadithi, kwa sababu mshangao haurudi mara ya pili. Final Fantasy X ya mwaka 2001 ni kali zaidi: unahifadhi kwenye duara maalumu tu, na kati ya moja na jingine panaweza kuwa na vita kubwa. Kingdom Come: Deliverance, ingawa ni dunia wazi ya Bohemia ya mwaka 1403, inakutaka unywe kinywaji maalumu cha kununua au kupika, au ulale kwenye kitanda chako. Walirekebisha baadaye ili mchezo uhifadhi unapotoka, lakini umeme hautoki kwa adabu hiyo. Wenye kompyuta ya mezani isiyo na betri wauache huo kwanza.

Kama unataka hadithi na huna kompyuta ya mkononi, nunua onduleri, kile kisanduku chenye betri. Fanya hesabu kabla ya kulipa. Onduleri ndogo ya 650 VA mara nyingi ina betri ya volti 12 na Ah 7, yaani Wh 84. Mzigo ukiwa mkubwa, tegemea nusu yake tu. PS4 na televisheni pamoja zikila wati 200, unapata dakika 12 hivi, zinazotosha kumaliza mapigano, kuhifadhi na kuzima vizuri. Usipange kucheza nazo. Betri ikizeeka, dakika hizo zinakuwa 2 au 3, kwa hiyo ijaribu mara kwa mara kwa kuchomoa waya ukiwa kwenye ukurasa wa mwanzo wa mchezo.

Pia usitegemee faili moja. Faili linaloandikwa sekunde ileile umeme unapokatika linaweza kuharibika na lisifunguke tena. Zungusha hifadhi tatu za mkono. Umeme ukirudi, usiwashe papo hapo: acha plagi nje hadi utulie, hasa wakati wa mvua na radi.

Kucheza dunia wazi ili uihisi

Wengi wanaosema Skyrim ya mwaka 2011 inachosha waliicheza kama orodha ya kazi za ofisini. Wanafuata mshale, wanaruka kwa ramani, wanachukua zawadi, wanaruka tena. Dunia yote iliyotengenezwa kati ya sehemu hizo hawakuiona.

Fungua daftari la kazi na uondoe alama kwenye kazi zote, mshale unapotea. Acha kazi moja tu kila jioni. Safiri kwa miguu, na pale ambapo mbali ni mbali kweli, panda gari la farasi lililo nje ya miji mikubwa kama Whiterun. Mwanzoni ni sarafu 20 hadi mji mwingine mkubwa. Kulipa na kupanda kunakufanya uwe msafiri, na kunakupa sababu ya kutafuta pesa.

Mzigo wako unaanza na kikomo cha 300. Ukizidisha, huwezi kukimbia wala kuruka kwa ramani. Usiokote kila panga. Kanuni inayofaa ni kugawanya thamani ya kitu kwa uzito wake. Kikishindwa kufika 10, kiache. Sarafu hazina uzito.

Jambo ambalo wageni hawaambiwi: majoka wa porini hawaanzi kukusumbua mpaka umpelekee Farengar, mchawi wa Whiterun, lile jiwe kutoka Bleak Falls Barrow, kisha upigane kwenye mnara wa magharibi wa Whiterun. Ukitaka kuishi kama mwindaji au mfua chuma tu, kaa na jiwe hilo mfukoni. Na tuseme wazi: hapo ndipo udhaifu wa mchezo huu unapoonekana. Dunia inasemekana inaangamia, nawe unaweza kuvua samoni mwaka mzima bila Alduin, joka mkuu anayeiangamiza, kulalamika.

Kucheza hadithi bila kuivunja

Hapa mambo yanageuka. Usiache pengo la wiki tatu. Katika dunia wazi ukirudi unaangalia mlima na kuanza kutembea, lakini katika hadithi umesahau nani alimsaliti nani. Jioni mbili au tatu kwa wiki, saa moja na nusu kila moja, ni bora kuliko usiku mzima mara moja kwa mwezi. Weka maandishi ya chini hata kama unasikia lugha vizuri, maana jenereta ya jirani haikuulizi. Kifaransa chenye sauti kipo katika Skyrim, katika The Witcher 3 na katika toleo la pamoja la Mass Effect (Legendary Edition, michezo mitatu ya kwanza). Chagua lugha kabla ya kupakua, kwa sababu kubadilisha baadaye huleta faili jipya la sauti, nalo ni zito.

Kila ukitoka misheni, zunguka chombo chote uzungumze na kila mtu. Na usirudishe hifadhi kila uamuzi ukikuumiza. Ukirudisha mara tatu, umeshakuwa mhariri, si mhusika.

Tahadhari moja ina uzito kuliko zote, na inafichua sehemu kidogo. Baada ya misheni ya kuchukua kifaa kiitwacho Reaper IFF katika Mass Effect 2, wafanyakazi wako watatekwa, na kuanzia hapo mchezo uliokuwa ukikungoja muda wote unaacha kungoja. Ukienda kufanya hata misheni moja nyingine kabla ya kuwafuata, wanaanza kufa. Maliza kwanza kazi za uaminifu za wenzako, halafu ndipo uchukue kifaa hicho.

Anayetaka vyote viwili aende The Witcher 3 ya mwaka 2015. Zima alama za maswali kwenye ramani kabla ya kufika visiwa vya Skellige: nyingi huko ni masanduku ya magendo baharini, na zimewafanya watu waache mchezo mzuri. Fanya kazi zilizo karibu na ngazi yako, kwa sababu kazi iliyo chini yako kwa ngazi 6 au zaidi haikupi uzoefu wa maana.

Ukubwa, diski na sal za mchezo

Skyrim Special Edition inataka GB 12. Kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde, ni saa 5 na dakika 20 bila kukatika. Toleo la pamoja la Mass Effect linataka GB 120 kwenye kompyuta, yaani zaidi ya siku mbili mchana na usiku. Mchezo ukiwa tayari kwenye diski ya rafiki na wewe umeununua, nakili folda yake ndani ya steamapps/common, folda ya Steam (duka la michezo la mtandaoni), kisha bonyeza kusakinisha: Steam inatambua faili zilizopo na kupakua kilichopungua tu. Halafu weka masasisho yasubiri mpaka ufungue mchezo, la sivyo mega zako zitaisha usiku umelala.

Hifadhi za Skyrim hiyo zimo katika Documents, folda ya My Games. Za Mass Effect zimo katika Documents, folda ya BioWare. Zinakili kwenye fleshi kabla ya kumpelekea fundi kompyuta.

Kwa anayecheza kwenye sal, yaani kumbi za michezo, za mitaa ya Kenya au Katuba hapa Lubumbashi kwa kulipia muda, dunia wazi haifai, na hadithi ndefu inafaa kwa sharti. PS4 inaruhusu kunakili hifadhi kwenye fleshi kupitia mipangilio, lakini faili limefungwa kwenye akaunti iliyolitengeneza. Mwombe mwenye sal uingie kwa akaunti yako mwenyewe tangu siku ya kwanza. Akikataa, cheza mpira tu na pesa ya RPG uiweke kwa ajili ya mashine yako.