Namna ya Kujijenga katika Utafiti wa Usafi wa Mazingira Dar es Salaam
Ukihitimu uhandisi wa mazingira, katika Chuo Kikuu Ardhi au kwingineko, jisajili mapema katika Bodi ya Usajili wa Wahandisi na utafute mhandisi mzoefu wa kukusimamia.

Utafiti wako uanzie chooni, wala si maktabani. Wakazi wengi wa jiji hili hutumia vyoo vya shimo na makaro, na katika mitaa iliyobanana kama ya Tandale gari la kunyonya majitaka haliwezi kupita vichochoroni. Ndiyo maana mvua za masika zikianza baadhi ya watu hutapisha vyoo, yaani huvifungua ili kinyesi kitoke na maji ya mvua, na uchafu huo hufuata maji hadi kwenye nyumba za majirani. Fuatana na wahudumu wanaonyonya vyoo kwa pampu ya mkono, uone jinsi matambara na chupa zinavyoziba bomba, kwa sababu jambo hilo dogo ndilo huamua kama teknolojia itadumu. Kisha nenda kwenye mabwawa ya majitaka ya Vingunguti, uombe kibali cha kuchukua sampuli, na upime mayai ya minyoo, ambayo huweza kubaki hai kwenye tope kwa miezi mingi hata baada ya harufu kuisha.

Ukipewa uongozi, na hapa naona wengi hukosea, wasomee wajumbe wa mtaa na wahudumu wenyewe matokeo yako kwa Kiswahili kabla ya kuyapeleka kwenye jarida, na fedha za glovu, buti na chanjo ya pepopunda ziwemo katika bajeti tangu mwanzo.