Mashine ikague koma na mabano, sisi tukague falanga na dola

Ofisini kwetu Kampemba, hapa Lubumbashi, tunaandika programu za shule: kuandikisha wanafunzi, kutoa risiti, kujua nani amelipa na nani bado. Shule nyingi hutaja karo kwa dola, mzazi akalipa kwa falanga kufuatana na bei ya dola siku hiyo. Kosa dogo kwenye msimbo linamfikia mama aliyepanga mstari kwa mhasibu, risiti mkononi, akiambiwa mtoto wake bado anadaiwa. Ndiyo maana nawasihi wadogo zangu: macho yenu muyatunze kwa ajili ya hesabu. Nafasi, koma, mabano na mistari mirefu, hayo ya mashine.

Nitaeleza kwa lugha ya Python na kifaa kiitwacho Ruff, kwa sababu ndicho tunachotumia kila siku. Kinakagua makosa na pia kinapanga msimbo, na kikishawekwa hakihitaji intaneti tena. Kwetu hilo ni jambo kubwa, maana mega ni pesa. Mmoja wenu apakue kwa `pip download ruff -d vifaa`, folda ipite kwa flashi, na wenye kompyuta za aina moja na yake waweke hivi:

`pip install --no-index --find-links vifaa ruff`

Anzeni na kupanga peke yake, kabla ya kanuni yoyote. Tazameni kwanza kitakachobadilika kwa `ruff format --diff .`, kisha mwendeshe `ruff format .` na kuhifadhi badiliko hilo kwenye Git, inayotunza historia ya msimbo, likiwa peke yake, bila hata mstari mmoja wa kazi nyingine. Ukichanganya mpangilio na kazi mpya, atakayesoma badiliko lako atakutana na mistari mia tano iliyosogezwa tu, na ule mmoja uliogusa hesabu utampita. Namba ya badiliko hilo (commit hash) iandikwe kwenye faili `.git-blame-ignore-revs`, halafu kila mmoja aendeshe mara moja:

`git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs`

Hapo `git blame`, amri inayoonyesha nani aliandika kila mstari, itaendelea kumtaja aliyeandika hesabu, si aliyepanga nafasi. Inafanya kazi kuanzia Git 2.23, iliyotoka 2019.

Kuhusu urefu wa mstari, msipoteze muda. PEP 8, mwongozo wa mtindo wa Python wa mwaka 2001, unasema herufi 79. Black, kifaa kingine cha kupanga msimbo, ilipokuja mwaka 2018 ilichagua 88, na Ruff imefuata hapo hapo. Chukueni 88 mwendelee na kazi.

Sasa kanuni. Ruff ina mamia ya kanuni, na ukiziwasha zote kwenye mradi wa zamani utapata ukuta wa malalamiko ambao hakuna atakayeusoma. Sisi tumebaki na zile inazokuja nazo, tukaongeza mafungu mawili tu. Kwenye `pyproject.toml`, faili la mipangilio ya mradi:

```
[tool.ruff.lint]
extend-select = ["B", "I"]
```

`I` inapanga import, yaani mistari inayoita maktaba. `B`, inayonasa makosa yaliyojificha, ndiyo inayostahili mshahara wake. Tazama fanksheni hii, ya aina ninayokutana nayo sana kwa vijana wanaotoka masomoni (`montant` ni kiasi kwa Kifaransa, `TAUX` ni bei ya dola):

```
def lipa(mwanafunzi, montant, risiti=[]):
    try:
        risiti.append((mwanafunzi, montant * TAUX))
    except:
        pass
    return risiti
```

Ukiendesha `ruff check`, Ruff itasimama mahali pawili. Kwanza kanuni B006, kwenye `risiti=[]`. Python inaunda orodha hiyo mara moja tu, pale fanksheni inapotangazwa. Kila anayeiita bila kuleta orodha yake anaandika kwenye ile ile ya mwanzo. Mtoto wa kwanza akilipa, risiti yake inabaki humo. Wa pili akilipa, anapewa na ya mwenzake. Ukijaribu na mwanafunzi mmoja kwenye kompyuta yako, kila kitu kiko sawa. Pili E722, kwenye `except:` tupu inayofuatwa na `pass`. Kiasi kikikosekana, malipo yanapotea kimya kimya na mhasibu haoni kitu.

Usiyejua kanuni inataka nini, andika `ruff rule B006`. Maelezo pamoja na mfano yanatoka palepale, bila intaneti.

Lakini tazama tena. Kuna jambo ambalo Ruff haikuligusa, na ndilo zito kuliko yote: `montant` ni dola au falanga? Na `TAUX` ni ya leo au ya mwezi uliopita? Mashine haiwezi kujua. Hapo ndipo mtu anahitajika, na atapaona kwa sababu hachoki tena na koma. Baada ya kusahihishwa, tunaandika hivi:

```
def lipa(mwanafunzi, kiasi_usd, cdf_kwa_usd, risiti=None):
    if risiti is None:
        risiti = []
    risiti.append((mwanafunzi, kiasi_usd * cdf_kwa_usd))
    return risiti
```

Sheria yetu ya majina ni fupi: kila kinachobeba pesa kimalizie na alama ya sarafu (`usd` kwa dola, `cdf` kwa falanga), na kitu kimoja kiwe na jina moja katika mradi mzima. Sisi tunafikiri kwa Kiswahili, tumesoma kwa Kifaransa, na maktaba za Python ziko kwa Kiingereza. Bila makubaliano utakuta `montant`, `amount` na `kiasi` kwenye faili moja, na mgeni atadhani ni vitu vitatu. Chagueni lugha yoyote, orodha ya majina makuu iwekwe kwenye README, faili la maelezo ya mradi, na anayekagua aishikilie.

Baada ya wiki chache watu wakizoea, wekeni mlinzi mlangoni. Kifaa `pre-commit` kinaendesha ukaguzi kila unapotaka kuhifadhi kwenye Git. Mfano ulioenea unakifanya kipakue Ruff yake chenyewe. Mkiweka `repo: local` na `language: system` kwenye faili `.pre-commit-config.yaml`, kitatumia ile mliyo nayo tayari:

```
repos:
  - repo: local
    hooks:
      - id: ruff
        name: ruff
        entry: ruff check
        language: system
        types: [python]
```

Kila mmoja aandike `pre-commit install` kwenye kompyuta yake. Kwa kuwa kinakagua faili ulizogusa tu, mradi wa zamani unasafishika kidogo kidogo bila kusimamisha kazi.

Mlinzi huyo anaweza kurukwa kwa `git commit --no-verify`, na mtu mwenye haraka ataruka. Kwa hiyo seva inayopokea msimbo nayo ikague: `ruff check .` na `ruff format --check .`, na tawi la kazi mpya lisiunganishwe na msimbo mkuu hadi zote mbili zipite. Hakikisheni seva na kompyuta zenu zina toleo moja la Ruff, la sivyo msimbo utapita kwako na kukataliwa kule.

Ikitokea kanuni haifai mahali fulani, inyamazishe mahali hapo tu, ukitaja namba yake, mfano `# noqa: E722`, na mstari wa juu yake ueleze sababu. `noqa` isiyo na namba tusiikubali, maana inaficha hata makosa ambayo bado hayajaandikwa. Ongezeni pia kanuni RUF100 kwenye orodha ya `extend-select`: inawaonyesha `noqa` ambazo sababu yake imeshaondoka, mzifute.