Kitasa cha sumaku hakishiki? Anza na waya

Mafundi wenzangu wa Tanga, kabla hamjailaumu bodi ya kitasa cha umeme, pimeni volti kwenye kitasa chenyewe. Juzi niliitwa Raskazone, mlango wa sumaku ukisukumwa kwa bega unaachia. Kwenye pawa saplai nikapata volti 12, kwenye sumaku 10 na kitu. Aliyefunga kabla yangu alivuta kebo ya intaneti, nyuzi mbili tu, mita 20 hivi. Sumaku ile inakula nusu ampea, na waya mwembamba namna hiyo, kwenda na kurudi mita 40, unameza karibu volti 2 njiani. Nikavuta waya wa milimita mraba 1, ikang'ang'ania kama ruba.

Halafu daiodi, kijidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, jamani! 1N4007 ni kitu cha bei ya kashata lakini watu wanairuka. Ifunge palepale kwenye kitasa, upande wenye mstari uende chanya. Ukiigeuza, ni shoti. Bila daiodi, kila umeme ukikatwa koili ya kitasa inarudisha volti kali zinazounguza ncha za relei, ile swichi ya bodi inayowasha na kuzima kitasa. Hii ni kwa vitasa vya DC tu.

Umeme wa sumaku upite COM na NC, ncha mbili za relei zinazogusana relei ikiwa imetulia, maana kadi ikisomwa umeme unatakiwa ukatike ili mlango uachie.

Bodi ikae ndani, si kwenye nguzo ya geti. Ile niliyoikuta skrubu zake zilishaota kutu ya kijani kwa upepo wa chumvi.